Steringi Hafi: Kwa Nini Bado Naangalia Muvi za Kijasusi za Bei Poa

Mhariri ameniomba niandike kitu cha kuelimisha, manake anasema wahandisi tunakula sana kwenye sherehe za chama lakini hatuandiki. Nimekubali. Ila kabla ya elimu, naomba kuungama.

Nina miaka 30. Wale wa mwaka wa kwanza wameshaanza kunipa shikamoo, na mie naitikia marahaba bila aibu. Nasomea shahada ya uzamivu, utafiti wangu ni wa uchovu wa chuma, yaani namna chuma kilichochomelewa kinavyopata ufa kidogo kidogo kwa kubebeshwa na kutuliwa mzigo mara nyingi. Mchana mimi ni mtu wa heshima. Usiku nikirudi kutoka maabara, napasha ugali wa jana, nafunga mlango, naangalia muvi za kijasusi za bei poa. Sisemi James Bond wa siku hizi mwenye mamilioni. Nasema zile ambazo jasusi anakimbizwa mjini Paris lakini vibao vya barabarani vimeandikwa Kibulgaria.

Siku moja mdogo wetu mmoja kutoka Mombasa alikuja kurudisha sufuria. Mlango haukufungwa vizuri na kompyuta ilikuwa wazi. Pale kwenye kioo Steven Seagal alikuwa anaruka ukuta, na katikati ya kuruka akageuka kuwa mtu mwembamba mwenye nywele nyingine. Dada akacheka, akaniuliza, "Kaka, na usomi wote huo, unaangalia haya?" Nikamjibu kwamba imejifungua yenyewe.

Uongo mtupu! Tena haukuwa wa kwanza. Mwaka wangu wa kwanza hapa, kwenye chakula cha jioni na watu wa idara, niliulizwa napenda filamu gani. Nikataja jina la mwongozaji mmoja wa Kifaransa ambaye hadi leo sijamaliza hata filamu yake moja. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Nilirudi nyumbani najiona kama mtu aliyemkana mama yake sokoni.

Basi makala hii ni ya kulipa deni. Nitaeleza muvi hizi zilitoka wapi, zinafanyikaje, na kwa nini mtu mwenye akili timamu anaweza kuzipenda.

ZILIKOTOKEA

Watu wengi hawajui kwamba Bond mwenyewe alianza akiwa si tajiri. Dr. No, ya mwaka 1962, ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 1, fedha ndogo kwa muvi yenye kisiwa, mtambo wa nyuklia na adui mwenye mikono ya chuma. Kuna sehemu adui anamkaribisha Bond sebuleni, na ukuta mmoja ni tangi kubwa la samaki chini ya bahari. Fedha ya kupiga picha za samaki wakubwa haikuwepo. Wakanunua picha zilizokwisha pigwa, zikaja za visamaki vidogo, na zilipokuzwa ukutani vikaonekana vikubwa ajabu. Wangefanyaje? Waliongeza maneno machache kwenye mazungumzo: adui anaeleza kwamba kile kioo kinakuza, ndiyo maana visamaki vinaonekana kama nyangumi. Tatizo likaisha kwa sentensi mbili, bila kutoa hata senti. Ishikeni hii habari ya samaki, tutairudia.

Goldfinger (1964) ikagharimu kama dola milioni 3, na Thunderball (1965) kama milioni 9. Fedha zilizorudi zilikuwa nyingi mno, na watayarishaji wa Italia, Hispania, Ufaransa na Ujerumani Magharibi wakaona hapa pana biashara. Kati ya 1965 na 1967 zikamwagika muvi za majasusi kama mvua za masika. Kulikuwa na Agent 077, kulikuwa na Agent 3S3, namba zimesogezwa kidogo tu ili mtu aliyeko kwenye foleni ya tiketi asome haraka haraka. Kulikuwa na Kommissar X, mfululizo wa muvi 7 kuanzia 1966 hadi 1971, ambapo Tony Kendall na Brad Harris wanapigana ngumi kuanzia Singapore na Ceylon hadi Istanbul na Pakistan.

Kilele cha ujanja, kwa maoni yangu, ni Operation Kid Brother ya mwaka 1967, iliyoongozwa na Alberto De Martino. Waitaliano walimkosa Sean Connery, wakaenda kumchukua mdogo wake, Neil Connery, aliyekuwa fundi wa kupiga plasta kule Edinburgh! Hawakuishia hapo. Waliwachukua Bernard Lee na Lois Maxwell, ambao kwenye Bond ndio M na Moneypenny. Wakamchukua Adolfo Celi, adui wa Thunderball, na Daniela Bianchi, mrembo wa From Russia with Love. Muziki wakampa Ennio Morricone akishirikiana na Bruno Nicolai. Ni kama mtu aliyeshindwa kununua Mercedes, akaenda akanunua taa zake, usukani wake na viti vyake, akavifunga kwenye Datsun. Na ile Datsun ikatembea.

UFUNDI WA KUBANA FEDHA

Sasa tuingie gereji. Muvi ya kijasusi inahitaji vitu vinne vya gharama: miji ya mbali, sauti nzuri, milipuko, na majengo ya adui. Asiye na fedha anafanyaje?

Miji ya mbali inapatikana kwa ushirika. Kampuni za nchi mbili tatu zinachangia muvi moja, kila moja inaleta mwigizaji wake na fedha zake, na muvi inahesabika ya nyumbani katika kila nchi. Mkifika Istanbul mnapiga picha kila kitu kinachoonekana: daraja, msikiti, soko, meli. Ndiyo maana jasusi wa bei poa anatembea sana kwa miguu. Usifikiri anatafuta adui, analipia nauli ya ndege.

Sauti inabanwa kwa kutoirekodi. Waitaliano wa miaka ile walikuwa na desturi ya kupiga picha kwanza, sauti inaingizwa baadaye studio. Kwa hiyo Mmarekani anasema Kiingereza, Mtaliano anajibu Kiitaliano, Mjerumani anaongea lake, na wote wanaelewana. Hata Neil Connery, katika Kiingereza, sauti unayoisikia si yake. Ujanja huu haujafa. Attack Force ya Seagal, ya mwaka 2006, ilianza kama hadithi ya viumbe wa anga za mbali, ikageuzwa baada ya picha kupigwa, na maneno mapya ya steringi yakasemwa na mtu mwingine kabisa. Unamsikia Seagal anaanza sentensi na sauti yake, anaimalizia na ya jirani.

Milipuko ndiyo sehemu ninayoipenda kikazi, manake hapa kuna fizikia. Jengo la adui linajengwa dogo, mezani, halafu linalipuliwa. Antonio Margheriti, mwongozaji wa Lightning Bolt ya mwaka 1966, alisifika sana kwa kazi hii ya vidude vidogo. Lakini kwa nini mara nyingine tunagundua kwamba ni kidude? Tuchukue mnara wa mita 16. Kitu kikidondoka toka juu kinafika chini baada ya sekunde 1.8 hivi. Mnara wa mfano wenye mita 1, kitu kinafika kwa sekunde 0.45. Urefu umepungua mara 16, muda umepungua mara 4 tu, kipeuo cha pili cha urefu. Kwa hiyo ukitaka mnara mdogo uanguke kwa uzito wa mnara mkubwa, lazima kamera ipige picha 96 kwa sekunde badala ya 24 za kawaida, halafu uonyeshe kwa mwendo wa kawaida. Filamu inakwenda mara 4 zaidi, na filamu ni fedha. Mwenye haraka anapunguza kasi, mnara unaanguka kama kopo la maziwa, watazamaji wanacheka. Maji na moto ni vigumu zaidi, kwa sababu tone la maji halikubali kupungua. Meli ya urefu wa mkono ikirushiwa matone makubwa kama vichwa vya abiria wake, hakuna atakayedanganyika.

Majengo sasa. Kule Sofia, Bulgaria, kuna studio za Boyana, ambazo tangu miaka ya 2000 ziko chini ya Wamarekani waliozoea muvi za namna hii. Ndani ya uzio mmoja kuna mtaa wa New York, kuna mitaa ya Mashariki ya Kati, kuna Roma ya kale. Jasusi anakunywa kahawa Marekani, anazunguka kona, anapigwa risasi Uarabuni, na mchana wanakula pamoja kantini.

KIBANDA UMIZA

Mimi sikuzijua muvi hizi Ulaya. Nilizijua Tanga, kwenye kibanda umiza, kuta za mabati na mabenchi ya mbao, kiingilio shilingi 100, televisheni moja na deki iliyokuwa ikipigwa kofi ikigoma. Mama alikuwa ananituma mafuta ya taa, mie napitia "dakika mbili tu" na kurudi giza limeingia. Viboko nilivyokula kwa ajili ya steringi, nikivipanga vinafika huku Leeds.

Kiingereza hatukukijua. Lakini kulikuwa na mikanda iliyotafsiriwa, na mfalme wa kazi hiyo Tanzania alikuwa Derek Mukandala, tuliyemjua kwa jina la Lufufu. Uganda wana mavidijei wao, Kenya wana DJ Afro wao, wenzangu mnawajua. Kutafsiri ni neno dogo kwa kazi ile. Mtafsiri alikuwa anamwongezea mtu jina, ukoo na sababu ya hasira yake. Muvi ikiwa na tundu, yaani jasusi ametokea ghafla Moscow bila kuonyeshwa safari, mtafsiri analiziba: kaombe nauli kwa mjomba, kapanda basi la usiku, sasa huyu hapa! Banda zima linaridhika.

Miaka kumi baadaye, darasani, nilipofundishwa kwamba uhandisi ni kufikia lengo kwa vifaa ulivyonavyo, mwenzenu sikushangaa. Nilikuwa nimekwisha ona mtu akirekebisha muvi ya dola milioni kadhaa kwa mdomo wake peke yake.

Watu wanauliza, hivi raha yake ni nini hasa? Kwangu mimi ni hii. Muvi ya fedha nyingi inaficha kazi yake yote, hujui mtu alihangaika wapi. Muvi ya bei poa inakuonyesha mishono. Unaona pale fedha zilipoisha, halafu unaona mtu alivyofikiri. Unaangalia hadithi mbili kwa mpigo: jasusi anayetafuta bomu, na watu waliotafuta namna ya kumaliza siku ya kazi kabla jua halijazama. Mara nyingi hadithi ya pili ndiyo yenye hatari ya kweli.

PALE AIBU INAPOSTAHILI

Nisiwadanganye lakini. Si kila rahisi ni tamu. Nyingine zimetengenezwa na watu waliotudharau sisi watazamaji, wakijua DVD itauzwa kwa picha ya juu tu. Na zile za miaka ya 60 zimejaa Waafrika, Waarabu na Waasia wanaopigwa ngumi kama mito, bila jina wala neno la kusema. Nacheka, halafu kicheko kinakwama.

Na kuna muvi moja iliyonifanya nijiulize ninacheka nini. Ni For Y'ur Height Only, ya Ufilipino, mwaka 1981, iliyoongozwa na Eddie Nicart. Steringi ni Weng Weng, mtu mwenye urefu wa sentimita 83 hivi, anacheza Agent 00. Anapiga watu mateke ya goti, anateleza sakafuni akifyatua bastola, anaruka na mtambo mgongoni. Mara ya kwanza nilicheka hadi machozi. Mara ya pili nikaanza kuona kwamba jamaa ana mazoezi kweli, anaruka na kuanguka mwenyewe. Baadaye nikasoma kwamba muvi ile ilisafiri dunia nzima, lakini Weng Weng alifariki mwaka 1992 akiwa na miaka 34, na alikufa maskini. Tangu hapo siwezi kuiangalia kwa wepesi ule ule. Bajeti ikiwa ndogo kwa sababu fedha hazipo, hiyo ni hali ya maisha. Bajeti ikiwa ndogo kwa sababu aliyefanya kazi hakulipwa anachostahili, hilo ni jambo jingine, na hapo ndipo aibu inapostahili kukaa.

Sasa linganisheni na ndugu zetu wa Wakaliga, Kampala. Nabwana Isaac, Nabwana I.G.G. kwa jina la kazi, alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010. Ni ya makomandoo kuliko ya kijasusi, lakini damu ni moja. Inatajwa kwamba iligharimu chini ya dola 200. Kompyuta aliziunganisha mwenyewe kutoka vipande vya zamani. Bunduki na helikopta aliziunda Dauda Bisaso kwa vyuma chakavu. Damu ni rangi ya chakula ndani ya kondomu. Muvi yenyewe bila msimulizi haipo tena, kwa sababu kompyuta ilibidi ifutwe ipatikane nafasi ya muvi inayofuata. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie, ambaye anaicheka muvi kabla wewe hujaicheka, anawasifu makomandoo, anaitangaza Uganda. Hapo huwezi kuwacheka kwa kificho. Wamekwisha kukaribisha mezani, mnacheka wote.

SAMAKI WALE

Niliwaahidi turudi kwenye samaki. Mwaka huu wa mwisho wa utafiti wangu mambo yalikaza. Vipande vikubwa vya chuma nilivyotakiwa kuvijaribu havikuwezekana, fedha za utafiti zilikuwa zinaelekea ukingoni, na mashine kubwa ilikuwa na foleni ya miezi. Nilibaki na vipande vidogo, unene wa milimita 10. Katika taaluma yetu hilo si dogo: kiungo kinene cha kuchomelea huwa kinachoka mapema kuliko chembamba, kwa hiyo majibu ya kipande kidogo yanakupa matumaini yaliyozidi. Daraja lisimame kwa matumaini ya milimita 10? Haiwezekani.

Nilikaa wiki mbili napanga sentensi za kulificha hilo. Nilitaka liingie sura ya tano, katikati ya majedwali, msomaji awe amechoka. Usiku mmoja nikawasha Dr. No kupumzika, wakapita wale visamaki. Adui hakuwaficha. Aliwaonyesha, akataja ukubwa wao, akaendelea na chakula.

Asubuhi nikaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa sura ile: vipande ni vidogo, sababu ni hizi, majibu yamepunguzwa kwa kiasi hiki kufidia unene, na yasitumike kwa chuma kinene kupita hapa. Nikampelekea msimamizi wangu huku tumbo linauma. Akaisoma, akaniambia sura hii sasa anaweza kuitetea mbele ya watu. Sikumwambia ushauri umetoka kwa nani.

Nawaambia nyinyi. Na yule dada wa Mombasa nilimwomba radhi kwa uongo wangu, nikamwonyesha Operation Kid Brother kuanzia mwanzo. Alipofika pale mwisho, mitambo yote imegoma na jeshi la steringi linavamia kwa pinde na mishale, akasema, "Kaka, hawa waliishiwa risasi au hela?" Nikajua amehitimu.

Kwa hiyo jioni ya filamu ya chama muhula huu zamu ya kuchagua ni yangu, na sitachagua ya Kifaransa. Tutaangalia Captain Alex, sauti juu. Baada yake tutaweka moja ya Seagal, na nimejitolea kutafsiri kwa Kiswahili, hewani, kama zamani. Kiingilio ni bure, njugu mnaleta wenyewe. Atakayeuliza steringi anakufa au hafi, atakaa nje.

Alamsiki.